Nyumba ya Wenyewe

Jumatano, tarehe kumi na tisa Februari. Tangu alfajiri upepo mkavu unavuma kutoka upande wa Maswa, vumbi limeingia hadi kwenye vikombe, na yale mawingu yaliyokaa mbali tangu juzi hayaji wala hayaondoki. Mahindi ya watu yameanza kujikunja. Jana nimerudi kutoka Mwamapalala kumzika Mayu Kwandu, mayu kwetu ni mama, miguu bado inauma kwa kusimama, kwa hiyo leo sikufunua cherehani. Nimekaa barazani naandika. Sina hakika kama nina haki ya kuandika habari za mtu ambaye hakuwa ndugu yangu wa damu, na shule yangu iliishia darasa la saba, lakini pale kaburini mzee mmoja wa ukoo alisimama akasema, "Mama huyu alituacha akaenda mjini, lakini alikumbuka kwao, akarudi." Watu wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikaitikia. Leo nimeamka na neno hilo. Alirudi, ni kweli, wala hakufungwa kamba. Ila mimi nilikuwepo mwaka ule aliporudi, na waliokuwepo sasa hatufiki hata wa kujaza benchi moja. Basi acha niandike nilivyoona, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba kwake, hapa hapa Bariadi, upande wa chini kuelekea mnadani. Wilaya ilikuwa bado mpya. Ofisi zilikuwa chache, zimepakwa chokaa mbele tu, na watu walikuwa wanaingia kila siku: makarani, madereva wa malori ya pamba, walimu, na wengine kama mimi waliokuja kujifunza kushona kwa fundi na kutafuta njia. Nyumba ziliota popote mtu alipoonyeshwa, hazikufuata mstari, hata mlango wa huyu ulitazamana na choo cha yule. Nyumba ya Mayu Kwandu ilikuwa ya matofali mabichi na bati juu, vyumba vikiwa vimepangana kuzunguka uwanja, na kuta zake za ndani hazikufika kwenye bati, kama ilivyokuwa kawaida, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa mwisho anampa pole. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na msumari wa kutundikia gauni. Nilikipenda. Sasa nimelala kwenye vyumba vizuri kuliko kile, vyenye dari, lakini sijawahi tena kulala nikisikia watu wote wanavyopumua.

Ni nani aliyeijenga, hilo ndilo jambo lenyewe, na nataka kulisema kwa haki. Mume wa Mayu Kwandu ndiye aliyeomba mahali pale na kuonyeshwa. Halafu akafariki kabla hata tofali moja halijafyatuliwa. Mayu akabaki na ule uwanja mtupu, akawa anapika wali na maharage kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa wali huo akajenga. Vyumba vya mbele sikuviona vikijengwa, niliambiwa na jirani zake, na wote walisema neno moja. Chumba cha nyuma nilikiona kwa macho yangu: alikuwa anakanyaga udongo mwenyewe asubuhi, gauni limefungwa magotini, kisha ananawa miguu na kwenda kuinjika sufuria. Hakuwa mtu wa kujisifu. Mara moja tu kwa siku ndipo ungemsikia akisema neno la kujidai, nalo lilikuwa la mzaha. Wateja wakishaondoka na sufuria ikibaki tupu, aliukwangua ukoko, akaukunja mkononi kama chapati, na kusema, "Huu ni wa mwenye nyumba." Akala akiwa amesimama mlangoni, anatazama barabara.

Chumba cha pili kutoka changu alikaa Bi Zaituni, mwanamke wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Ujiji na yeye alizaliwa Shinyanga. Alikuwa na banda lake la vitumbua lililoegemea ukuta wetu, na mdomo usiokuwa na mlango. Yeye ndiye aliyenifundisha mji. "Wee Kabula," alikuwa akiniambia, "ukiulizwa umekuja kufanya nini hapa, usianze kutazama chini kama mbuzi wa kuuzwa. Sema, nimekuja kukaa." Nilicheka lakini sikuweza. Sisi wa kule vijijini tulikuwa tukiulizwa tunakaa wapi, tunataja kwa wazazi wetu. Mtu alikuwa na mke, watoto na bustani mjini, na bado anakwambia, "Hapa napita tu, kwetu Lalago." Hakuwa anadanganya. Kusema chumba cha kupanga ndicho kwenu, ilikuwa kama kusema wazazi wako wamekufa. Ilikuwa adabu tu, kila mmoja aliijua na hakuna aliyedanganyika nayo, mpaka alipokuja mtu wa kuiandika.

Mtu wa tatu wa kumtaja ni Mzee Nkwabi, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mayu. Alikaa Mwamapalala, na kila siku ya mnada alikuja Bariadi, ama na ng'ombe, ama mikono mitupu kutazama ng'ombe wa wengine. Nisimseme vibaya. Hakuwahi kuja bila kibuyu cha maziwa. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, kiti pekee cha namna hiyo pale nyumbani, na Mayu Kwandu alipiga magoti kumsalimia, "Mwadila baba," kisha akakaa chini kwenye gunia, uso pembeni. Kwetu kaka mkubwa wa mume ni kama baba mkwe. Humtazami machoni, humtaji jina, na hupingi neno lake mbele ya watu. Yeye alimwita Ng'wana Shigela, kwa jina la baba yake, kwa heshima. Siku aliyokuwapo Mzee Nkwabi, ukoko wa sufuria ulikwenda kwake kwenye sahani, na Mayu hakusema neno la mwenye nyumba.

Basi mwaka huo, pamba ikiwa imeshavunwa na barabara zimejaa malori, akaja Ndugu Kiondo. Alitoka Dar es Salaam, chuoni, kijana mrefu wa Kisambaa mwenye shati la mifuko mingi na viatu vilivyokataa kushika vumbi kwa siku kama mbili, kisha vikakubali. Alikuja kutafiti mji. Wakati huo neno hilo lilitushangaza, maana tulijua watu hutafiti madini, au ugonjwa wa ng'ombe. Alieleza mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi kwamba miji midogo inakua haraka, serikali inataka kujua nani anakuja, analala wapi, anakula nini, na nyumba ni za nani, ili mji upangwe vizuri: barabara zinyooke, maji yapite, na wenye nyumba zitakazopitiwa na barabara wapewe viwanja vingine upande wa juu. Balozi akapiga makofi. Lakini uwanjani kwetu jioni ile maneno yalikuwa mengine. Ilikuwa ni miaka ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na mjini kila aliyekutwa hana kazi ya kueleweka aliitwa kupe. "Wanaandika wa kurudishwa," alisema dereva mmoja huku anakula. "Ukiandikwa mgeni, unakwenda kulima." Zaituni akamjibu kutoka bandani, "Basi wewe utakwenda kwanza, maana hata kitumbua changu hujawahi kukila kama mwenyeji, unakila kama mtu anayekimbizwa."

Mimi nilichukuliwa kuwa mkalimani wake, kwa sababu nilijua Kisukuma na Kiswahili na balozi alisema nina tabia nzuri. Aliniita "Ndugu Kabula." Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu aliyesoma, na kwa siku kadhaa nilitembea kama niliyevaa viatu vipya. Alikuwa mwema. Alikula wali kwa Mayu Kwandu kila mchana, na siku ya kwanza aliposikia harufu ya ukoko aliomba apewe. Mayu akamwambia kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mgeni hali ukoko, mwanangu. Ukoko ni wa mwenye nyumba." Ndugu Kiondo akacheka, akasema kumbe hata ukoko una sheria. Nakumbuka vizuri alivyocheka, na nakumbuka kwamba alimsikia. Hilo nimelifikiria sana. Lakini mzaha wa mama anayekwangua sufuria, mtu utauandika wapi?

Zaituni aliulizwa mapema, naye alijibu kama anayegombana. Nyumba yake ilikuwa kibanda cha miti kilichokaribia kuanguka, alichokuwa anakijenga nyuma ya banda lake na kulala humo siku nyingine. "Ni cha nani?" "Changu." "Na kabla ya kuja hapa ulikuwa mkazi wa wapi?" "Kabla ya hapa sikuwepo. Andika nimeota hapa hapa." Balozi akamkemea kidogo, "Bi Zaituni, jibu vizuri, huyu ni mtu wa serikali." Akasema, "Kwani vibaya ni vipi, balozi? Ameniuliza kibanda ni cha nani, nimwambie ni cha mkuu wa wilaya?" Watu wakacheka, Ndugu Kiondo akaandika, tukahamia mlango wa pili.

Siku ya nyumba yetu ilikuwa siku ya mnada. Ndugu Kiondo ndiye aliyeichagua, alidhani watu wengi watakuwa nyumbani, na kwa kweli walikuwapo. Tulipoingia uwanjani, Mzee Nkwabi alikuwa kwenye kiti chake. Balozi akafurahi kabisa, akasema, "Bahati nzuri, mkubwa wa ukoo yupo, kazi itakwenda vizuri." Akavutiwa kigoda akakaa karibu naye. Mayu Kwandu akakaa chini kwenye gunia, nami nikachutama kati yake na Ndugu Kiondo. Maswali ya mwanzo yalipita bila taabu: maji anachota wapi, kuni ananunua au anaokota, chakula ni nini. Halafu likaja lile. "Mama, nyumba hii ni ya nani?" Nililigeuza kwa Kisukuma ingawa alikuwa ameshalisikia. Mayu akanyoosha kitambaa kwenye goti lake. Akasema, "Ya wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?" Akang'oa uzi uliochomoza kwenye gunia. Ndugu Kiondo hakuwa mjinga, alijua ameligusa jambo, akalizungusha. "Haya, nyumba nani aliijenga?" Mayu akasema, "Mafundi." Balozi akacheka, Mzee Nkwabi naye akacheka, na Ndugu Kiondo akacheka kwa kukosa la kufanya. "Sawa, mafundi. Na wewe mama hapa unakaa kama nani?" Niligeuza pole pole, nikichagua maneno, nikitumaini kwamba nikilipunguza makali ataweza kulishika. Akajibu, "Mimi nimekaa tu. Kwetu Mwamapalala." Ndugu Kiondo akageuka kwa mzee. Mzee Nkwabi akajisafisha koo, akasema, "Ni nyumba ya ukoo." "Ukoo siwezi kuandika, mzee wangu, nahitaji jina la mtu." Mzee akatazama bati, akatazama ukuta wa chumba kipya cha nyuma ambao ulikuwa bado haujakauka. "Basi andika mimi. Mdogo wangu hayupo, mimi ndiye mkubwa." Alisema bila ubaya wowote. Kama mtu aliyeombwa kushika kamba ya ng'ombe wa mwenzake.

Nilikuwa pale pale, mkono wangu ungeweza kumgusa. Nilijua, balozi alijua, na jirani waliosimama mlangoni walijua. Sikusema, na hadi leo sijui ningesemaje. Mkalimani ni mdomo wa mtu mwingine. Na binti wa miaka ile kumkatiza mkubwa wa ukoo kwenye kiti chake, mbele ya mama aliyekwisha kujibu, si kwamba ningempa nyumba, ningemvua nguo tu. Kwa hiyo niligeuza alichosema, neno kwa neno, na naamini niligeuza sawa.

Tulipokuwa njiani nilimwambia Ndugu Kiondo, "Alichosema sicho." Akasimama. Nikamweleza udongo, wali, yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Nakuamini, Ndugu Kabula. Lakini kazi yangu ni kuandika wanachosema wakazi wenyewe. Nikianza kufuta maneno ya mama yule na kuweka yako, kesho nitafuta ya mwingine na kuweka ya balozi. Utafiti wangu utabaki wa nani?" Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Hata sasa, nikimwekea maneno hayo mbele yangu, naona ni maneno ya mtu mwaminifu. Akasema atarudi amuulize tena, mzee asipokuwapo.

Akarudi kweli, katikati ya juma. Tulikuwa watatu tu jikoni, moshi, na sufuria ya maharage. Mayu alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Ndugu Kiondo akachuchumaa kama mtoto, akauliza kwa upole, "Mama, leo tuko sisi tu. Nyumba ni ya nani?" Mayu hakuacha kuchagua. "Si nilishakwambia mbele ya watu?" "Ndiyo mama, lakini leo hakuna watu." "Ndiyo sababu siwezi kusema lingine. Neno nililosema yeye yupo, nilibadilishe akiwa hayupo? Hapo nitakuwa nimemwibia." Ndugu Kiondo akanitazama nimgeuzie, na Mayu alikuwa amesema kwa Kiswahili. Tukakaa tukisikiliza mchele unavyoruka kwenye ungo. Mwishoni yeye ndiye aliyetuonea huruma. "Kila mtu hapa anajua," akasema. "Wanaojua ndio hao hao wanaoishi nami. Wewe mwanangu utakwenda Dar. Usihangaike." Aliamini hivyo: kwamba kilichojulikana na watu hakihitaji kusemwa. Na mimi nilimwamini, maana nilikuwa sijawahi kuona mahali ambapo si hivyo.

Zaituni ndiye aliyekataa kunyamaza. Mnada uliofuata nilikuwa chumbani napiga pindo, na kwa kuwa kuta hazifiki juu, nilisikia yote. "Shikamoo baba," akaanza. "Marahaba mwanangu." "Haya baba, unatuhamia lini? Nasikia nyumba ni yako, na mlango wa choo umeanguka, tunamsubiri mwenyewe." Mzee akacheka. "Nimehamishwa mara moja mwaka huu, inatosha." "Basi sema neno moja kwa yule kijana wa Dar. Sema, ni ya shemeji yangu. Wewe ukisema hakuna atakayebisha." Nikasikia kiti kikilia chini yake. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya kukemea: "Mwanangu, mimi kaya yangu nimeivunja kwa mikono yangu. Nimeambiwa nijenge kwenye mstari pamoja na wenzangu, nimejenga. Zizi nimeliacha. Makaburi ya baba na mama nimeyaacha kule, fisi wanapita juu. Mtu akiniuliza leo ukoo wetu una nini kilichosimama pale pale kilipowekwa, namwonyesha nyumba hii. Sasa unataka niende mwenyewe, kwa mdomo wangu, niitoe?" Nikasikia Zaituni akisogeza kikombe. Baadaye nikasikia, "Basi baba. Kunywa chai, inapoa." Na Mayu Kwandu alikuwa jikoni wakati huo, karibu kuliko mimi. Nilisikia kijiko chake kimeacha kukoroga, kisha kikaendelea.

Ndugu Kiondo aliondoka na lori la pamba. Alituaga vizuri. Mayu alimfungia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na karanga za njiani, na siku hiyo, kabla hajapanda, akamkwangulia ukoko wote akampa. Yeye alipokea kwa furaha. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Baada ya muda, mvua zikiwa zimeanza, wakaja watu wa ofisi na vigingi vya miti na kamba za kupimia. Barabara ilipita katikati ya uwanja wetu, juu ya meko. Wenye nyumba wakaitwa kupewa viwanja upande wa juu, na Zaituni akapewa chake kwa kile kibanda, akalia kwa furaha, kisha akaona aibu akajifuta uso. Kwa nyumba yetu likaitwa jina la Mzee Nkwabi. Alikwenda, amevaa koti, na nilimsindikiza pamoja na Mayu. Afisa alikuwa mtu mpole, amechoka, mezani pake pana kikombe cha chai chenye nzi. Akamwambia, "Mzee, wewe umeshajengewa makao kijijini. Hatuwezi kumpa mtu mahali pawili wakati wengine hawana popote." Mzee akasema, "Sawa. Basi kiandikwe cha huyu shemeji yangu, ndiye anayekaa." Alisema! Nataka ijulikane kwamba alisema, kwa mdomo wake, mbele ya mtu wa ofisi. Mayu akainua uso akamtazama, kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyoona. Lakini afisa akafungua jalada lenye maandishi ya Ndugu Kiondo akasoma: mama huyu ni mgeni, amekaa tu, kwao Mwamapalala. "Mama, ulisema hivi au hukusema?" Mayu akasema, "Nilisema." "Na leo?" Akatazama sakafu. "Niliyosema ni yale yale." Afisa akafungua mikono, kama mtu aliyeombwa chumvi na nyumbani hana. Akaniuliza mimi kama nilikuwepo. Nikasema nilikuwepo. Akaniuliza kama alisema hivyo. Nikasema, alisema hivyo, ila. Akangoja ile "ila" yangu. Nikaanza kueleza udongo na wali, nikakwama, maneno yakanitoka kama ya mtoto aliyepotelewa na mbuzi, na nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu. Akasema, "Asante, binti." Hakunifukuza. Alinipa nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nilichokuwa nacho.

Bati waliruhusiwa kuchukua. Mzee Nkwabi alileta mkokoteni wa ng'ombe, akapanda juu ya paa mwenyewe na uzee wake, akang'oa misumari moja moja bila kuikunja ili itumike tena. Mayu alisafisha sufuria kubwa ya wali kwa majivu, akaipakia. Nikamuuliza, "Mayu, unakwenda?" swali la kijinga, akanijibu, "Si nilisema kwetu ni kule." Sikumbuki alisema kwa sauti gani. Nimejaribu kuikumbuka sauti hiyo miaka yote, wakati mwingine naisikia ya mzaha, wakati mwingine ya hasira, na kuna siku naisikia ya mtu aliyekubali kabisa. Nilimtembelea mara nyingi kule. Alikuwa na chumba chenye bati lile lile, akilima pamba pamoja na wake za Mzee Nkwabi, akiheshimiwa. Hakuwahi kulalamika. Hakupika tena wali wa kuuza, maana kule nani angenunua. Labda alikuwa na raha. Mzee wa pale kaburini labda alisema kweli na mimi ndiye ninayechokonoa.

Nilikuwa nimeandika hadi hapo, ndipo hodi ikapigwa. Binti mmoja, mdogo kuliko wajukuu zangu wa kwanza, ana kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. "Shikamoo bibi." Anatoka kwenye utafiti wa miji, anasema, wanataka kujua ukuaji wa makazi, maji, taka, na bodaboda zinavyopita. Nikamkaribisha. Mwanangu Masunga alikuwapo, amekaa kwenye kiti, anakunywa chai. Ni yeye aliyenipeleka msibani na kunirudisha, aliacha kazi yake kwa ajili yangu, na hilo lazima niliandike. Nyumba hii nimeijenga kwa cherehani, gauni moja moja. Baba yao aliniacha na msingi tu. Binti akauliza taka tunatupa wapi, nikajibu. Maji yanatoka siku zipi, nikajibu na kumlalamikia pia. Kisha, akiwa na kidole tayari juu ya kioo: "Bibi, mmiliki wa nyumba hii ni nani?"

Nilijua swali hilo kuliko yeye alivyolijua. Nilikuwa nimetoka kuliandika, wino haujakauka. Nikafungua mdomo. Masunga alikuwa anatazama simu yake, sidhani hata kama alikuwa anasikiliza, na sijawahi kumsikia akisema nyumba ni yake. Nikasema, "Ya watoto hawa." Binti akasema, "Naomba jina moja tu, bibi." Nikanyoosha kitambaa kwenye goti langu. Masunga, bila kuinua uso, kwa wema, ili mama yake asisumbuliwe, akasema, "Weka Masunga." Akaweka. Akashukuru, akafunga lango vizuri, na upepo ukambeba na vumbi lake hadi kwa jirani. Nilisimama ili nimwite. Nilisimama kwa muda.

Mvua haikunyesha. Jioni mke wa Masunga alipika wali kwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyoyaunga na karanga, na tulipomaliza akaleta sufuria, akaukwangua ukoko ukatoka mzima, mwekundu, kama nilivyokuwa nikiuona zamani. Akauliza, "Mama, huu nimpe nani?" Nikamwambia ampe Masunga.